Kifua cha Pacha Wangu

Siku ya tatu ya msiba wa pacha wangu, mtani wetu alisimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba tumekosea kuzika.

Sie ni Wazaramo, na watani wetu ni Wanyamwezi. Mtani msibani ana ruhusa ambayo hata ndugu wa damu hana. Anavaa nguo za marehemu, anamwigiza, anawatania wafiwa mpaka wacheke huku machozi yakiwatoka. Asipokuja, msiba unapooza. Huyu wetu alikuwa mama wa makamo, jirani wa pacha wangu pale Manzese kwa miaka mingi, na najua alimpenda. Alivaa gauni la pacha wangu, akajifunga khanga yake kiunoni, akakaa kwenye kigoda chake mbele ya jiko lililozimwa, akashika upawa mrefu wa kukaangia samaki. Kisha akakohoa. Alikipatia kile kikohozi mpaka wanawake waliokuwa wakiosha vyombo wakageuka.

"Nyie Wazaramo hamna macho?" akasema, akiinuka na kuja katikati ya uwanja. "Mmemfukia nani? Marehemu si huyu hapa anakula wali!"

Alikuwa ananionyesha mimi. Uwanja mzima ukaangua kicheko.

"Mie siye," nikamjibu, maana mtani hujibiwa. "Mie ni yule wa pili kuzaliwa."

"Wa kwanza, wa pili, nani kawahesabu? Doti moja ya khanga, mmezika kipande kimoja, kipande kingine kinakunywa chai. Haya, na wewe ujiandae basi, usituchoshe kupika pilau mara mbili!"

Nilicheka kweli. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu tumlaze. Lakini binti wa pacha wangu, ambaye kwa desturi ni binti yangu pia, hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni, mkono mmoja juu ya tumbo lake la ujauzito ambalo ndiyo kwanza limeanza kuonekana, akinitazama kifuani.

Tulifanana kiasi kwamba mama yetu alimfunga mmoja uzi mweusi mguuni ili asimnyonyeshe yuleyule mara mbili. Alitulea kwa desturi ya pacha: kinachofanywa kwa mmoja kinafanywa kwa mwingine. Akiumwa mmoja, dawa tunakunywa wote. Nimekunywa kwinini nyingi nikiwa mzima, na pacha wangu aliwahi kufungwa kitambaa kwenye kidole kizima kwa sababu mie nilikuwa nimejikata. Tuliona ni jambo la kawaida. Tuliishia wote darasa la saba, tukaolewa mwaka mmoja, na hapo ndipo tulipoachana. Mimi nikaenda Kipawa, nikawa fundi cherehani barazani kwangu. Yeye akaenda Manzese, akawa mkaanga samaki.

Alikaanga vibua nyuma ya nyumba, ndani ya kibanda cha bati kisicho na dirisha. Kuni zake zilikuwa vipande vya mbao kutoka kwa mafundi wa vitanda na makabati wa mtaani, vingi vina rangi na vanishi. Vikiwaka vilitoa moshi mzito wenye harufu kali. Nilipokwenda kumtembelea, nikishuka tu kwenye daraja la waenda kwa miguu juu ya barabara, naujua moshi wake. Nilikuwa nakaa nje ya kibanda naye ndani, tunapiga soga kupitia mlango. Macho yake yalikuwa mekundu siku zote, mpaka nikasahau kwamba zamani yalikuwa meupe kama yangu.

Kikohozi kilianza kidogokidogo. Baadaye akawa akipanda ngazi za daraja anasimama katikati, akijifanya anatazama magari. Kifua kikawa na mlio, kama mtu anapuliza filimbi kwa mbali. Hospitali wakampima, wakamwambia njia zake za hewa zimevimba na kubana, wakampa dawa ya kuvuta kwa mdomo, ile ya kikopo unabonyeza.

Siku ya kwanza aliyoipata alinipigia simu niende. Nilipofika alivuta yeye, akanifutia mdomo wa kile kikopo kwa pindo la khanga, akanipa.

"Na wewe."

"Mie siumwi."

"Mama angekuwepo ungemwambia hivyo?"

Nilikiweka mdomoni, sikubonyeza, nikavuta hewa tupu. Alijua. Alinitazama akatabasamu, akasema, "Haya, umeshiriki." Ikawa ndiyo desturi yetu kila nikienda.

Dawa haikumsaidia kama tulivyotegemea. Binti yake alimsimamia kama askari wa zamu. "Mama, hujavuta mpaka ndani. Mama, umeachia mapema. Unavuta vibaya, ndiyo maana huponi." Pacha wangu alikuwa anarudia, na kurudia, kama mtoto anayefundishwa kusoma, halafu anaingia tena kwenye kibanda maana wateja wanasubiri. Alifariki asubuhi moja, mafuta yakiwa jikoni hayajachemka.

Tulipomaliza matanga, binti akawasha lile jiko.

Nilimkuta ndani ya kibanda, amejifunga mtandio puani, tumbo lake karibu na moto.

"Toka humo, mwanangu."

"Nikitoka humu nani anakaanga?"

"Una mtoto tumboni. Moshi huu ndio uliomuua mama yako."

Alitoka, akakaa kwenye ngazi, akashusha mtandio. Hakuwa mkaidi. Alikuwa amechoka, na alikuwa ameshafikiri sana peke yake.

"Mama mdogo, si moshi," akasema. "Bibi naye si alikufa na kifua? Ni la ukoo hili. Ingekuwa moshi, dawa ingemsaidia. Dokta kampa dawa, nimemsimamia, haikufanya kitu. Kitu cha kwenye damu hakisikii dawa. Kama lipo kwangu lipo, nikae jikoni nisikae jikoni. Na kama lipo kwako..."

"Yule mtani amekutia hofu."

"Mtani kasema kweli kwa utani. Nyie ni kitu kimoja. Mie nakuangalia wewe tu kila siku, nasubiri uanze kukohoa."

Mimi mwenyewe nilikuwa nikiamka asubuhi nasikiliza kifua changu kama mtu anayesubiri mgeni.

"Bibi alikuwa anasemaje?" akaniuliza. "Akiumwa mmoja?"

"Mnatibiwa wote."

"Basi nenda ukapimwe. Mama alipimwa, wewe hujapimwa."

Hapo nikaona pa kumshika. "Nitakwenda," nikamwambia. "Lakini tukubaliane. Kifua changu kikionekana kibovu, sitakusumbua tena. Kikionekana kizima, wewe unatoka kwenye moshi."

Alifikiri kidogo, akanipa mkono. Mkono wake ulinuka vibua na vanishi.

Tulikwenda pamoja. Kupimwa kwenyewe ni kupuliza. Unabanwa pua, unavuta hewa mpaka huwezi tena, halafu unaipuliza yote kwenye bomba lililounganishwa na kimashine, nesi akikuhimiza, "Toa, toa, toa, toa!" kama mkunga. Nilipuliza mpaka nikaona nyota. Nikarudia, na tena. Binti alikuwa amesimama ukutani, na kila nilipopuliza alibana pumzi yake.

Daktari alikuwa dada mdogo tu, labda umri wa binti yetu, lakini mwenye utulivu. Aliangalia karatasi, akasema, "Shikamoo tena mama. Kifua chako kizuri. Kwa umri wako, kizuri kabisa."

Binti akadakia, "Haiwezekani, dokta. Huyu na mama yangu ni pacha wa kufanana. Mama kafa na kifua. Huyu ni yuleyule."

"Si yuleyule," daktari akasema.

Alilisema kwa upole, lakini lilinichoma.

Alisogeza kiti karibu nasi. Nitaandika alivyosema kadiri nilivyoelewa, na nilipokosea, kosa ni langu. Alisema kila chembe ya mwili ina maagizo ndani yake, hayo ndiyo jeni, na mimi na pacha wangu tulipewa maagizo yaleyale neno kwa neno. Lakini chembe haisomi maagizo yote kwa wakati mmoja. Juu ya maagizo kuna alama ndogo sana zinazosema hapa soma, hapa nyamaza. Maagizo yanabaki vilevile, alama zinaweza kubadilika. Pacha wakizaliwa, alama zao zinakaribiana. Wakiishi mbalimbali, zinaachana polepole.

Mimi kichwani niliona chaki yangu ya kuchorea vitambaa. Nikikata nguo mbili kutoka kitambaa kimoja, kitambaa ni kimoja, ila chaki ndiyo inayoniambia hapa pinda, hapa usikate. Nikifuta mstari na kuchora mwingine, kitambaa hakijui, lakini nguo inatoka tofauti. Mfano wangu haufiki mbali, maana chaki ya mwilini hakuna fundi anayeishika, lakini ndio ulionisaidia kumfuata.

"Na moshi unaingiaje hapo?" binti akauliza.

"Umeona bati linavyoliwa na kutu? Ndani ya chembe kuna kitu kinachofanana na hicho. Hata hewa hii safi, mwili ukiitumia, inabaki na ukali kidogo, na mwili una namna yake ya kuuondoa. Moshi unaleta ukali mwingi kuliko mwili unavyoweza kuuondoa. Ukizidi, unachoma chembe, unachoma hata maagizo yenyewe, na unavuruga zile alama. Halafu kuna jambo jingine. Baadhi ya vitu ambavyo chembe inatumia kutengeneza kinga dhidi ya huo ukali ndivyo hivyohivyo inavyotumia kuweka alama. Ikihangaika kuzima moto, inapungukiwa na vya kuwekea alama. Basi jeni iliyotakiwa kunyamaza inaanza kusema, na iliyotakiwa kusema inanyamazishwa."

"Hata zile za kinga?"

"Hata zile za kinga zinaweza kunyamazishwa. Hapo ukali unaongezeka zaidi."

"Unajizungusha."

"Unajizungusha, ndiyo."

Alikuwa anasoma sura ya daktari kama anatafuta mahali pa kushindana. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Lakini dawa. Mama alipewa dawa ya kuvuta. Mie mwenyewe nilikuwa namsimamia. Kama ni moshi, mbona dawa haikufanya kazi?"

Daktari aliweka kalamu mezani.

"Aliendelea kukaanga?"

"Kila siku."

"Ile dawa inatuliza uvimbe wa njia ya hewa. Ili ifanye hivyo inahitaji msaada wa kitu kilichomo ndani ya chembe, tuseme komeo, la kufungia zile jeni zinazoleta uvimbe. Ukali wa moshi unaharibu lile komeo. Dawa inafika mlangoni, haikuti cha kufungia. Mie sikumtibu mama yako, siwezi kuapa kwamba kwake ilikuwa hivyo. Ila kwa watu wenye kifua kama chake, hilo linatokea sana."

"Kwa hiyo hakuwa anavuta vibaya?"

"Inawezekana alikuwa anavuta vizuri kabisa."

Binti alijifunika uso kwa mtandio. Mabega tu ndiyo yaliyokuwa yakitikisika. Nilimvuta akaegemea kwangu, na daktari hakuharakisha, ingawa nje foleni ilikuwa ndefu na mtu alikuwa ameshagonga mlango.

"Nilikuwa namgombeza," binti akasema ndani ya mtandio. "Mgonjwa, namgombeza."

"Ulikuwa unataka apone," nikamwambia. "Alijua hivyo. Aliniambia mwenyewe, 'Mwanangu ananipenda kwa kelele.'"

Na kweli aliniambia. Singemtungia maneno marehemu ili kumfariji mtu.

Alipotulia aliuliza habari ya bibi. Daktari akamuuliza bibi alipikia nini. "Kuni," nikajibu mimi. Akasema kurithi kupo, hawezi kukataa, wengine wanazaliwa na kifua kisichovumilia. Lakini akatuonyesha ile karatasi yangu akasema hapo ndipo palipo na jibu la ukoo wetu, angalau kwa sehemu: damu ileile, bila moshi, kifua kizima. Halafu binti akaweka mkono tumboni, akauliza, "Na huyu?"

"Mtoto akiwa tumboni ndipo alama zake nyingi zinapopangwa," daktari akasema. "Moshi anaouvuta mama unaweza kuzigusa. Kwa kiasi gani, na zinakaa hivyo mpaka lini, bado watu wanachunguza. Siwezi kukuambia wako atakuwaje, ningekudanganya. Ninachojua ni kwamba alama nyingine zinaweza kurudi moshi ukiondoka. Mapafu yaliyokwisha kuharibika hayarudi."

Tulitoka tukakaa kwenye benchi la nje, chini ya ukuta, tusubiri jua lipungue. Binti alinunua maji, akanipa kwanza mimi. Ndipo aliponiona.

"Mama mdogo, mbona sasa wewe unalia? Si umeambiwa mzima?"

"Ndiyo maana."

Alinitazama bila kuelewa, na sikumlaumu. Ni vigumu kumweleza mtu aliyezaliwa peke yake. Nilipokuwa napuliza kwenye lile bomba, nilikuwa nataka kifua changu kiwe kizima kwa ajili yake na mtoto wake, nilitaka kwa moyo wote. Na bado pembeni ya moyo kulikuwa na sehemu iliyotaka kile kimashine kikatae. Nilitaka kusikia kwamba hata hili tumegawana. Watu wote wamenifananisha naye maisha yangu yote, hata baada ya kumzika walinifananisha naye, na ilikuwa kama bado yupo kidogo, anatembea ndani ya ngozi yangu. Halafu dada mdogo mwenye kalamu akasema si yuleyule. Alikuwa sahihi. Pacha wangu alikuwa amekaa ndani ya kibanda na mimi nje ya mlango, miaka yote ile, na kila siku ilikuwa inatutenga kwa kiasi kidogo ambacho hakuna aliyekiona, tukipiga soga na kucheka.

Nilimwambia hivyo, kwa maneno machache kuliko haya. Alinishika mkono.

"Nilidhani ningefurahi tu," akasema. "Kuona wewe hutakufa."

"Nitakufa. Ila siyo leo, na siyo kwa hilo."

Akacheka kwa pua. "Unaongea kama mtani."

Hakusema lolote kuhusu makubaliano yetu, nami sikumkumbusha. Nililala kwake siku ile. Nilijua ahadi inayotolewa kwa mkono unaonuka samaki, asubuhi wateja wakija, inaweza kusahaulika.

Asubuhi mkokoteni uliojaa vipande vya mbao ulisimama nyuma ya nyumba kama kawaida. Mwenye mkokoteni alipaza sauti, "Mama samaki! Leo nimekuletea za mninga, zinawaka kama petroli!"

Nilikuwa nafagia. Nilisimama na fagio mkononi.

Binti alitoka ndani akiwa bado na kitenge cha kulalia. "Peleka kwingine, kaka."

"Kwani leo hamkaangi?"

"Tunakaanga. Kuni sitaki tena."

"Hata hizi za mninga?"

"Hata za mninga. Nenda kaka, usisimame hapo mie nikabadilisha mawazo."

Yule bwana alinitazama mimi kama anaomba msaada, nikaendelea kufagia. Magurudumu yalikwaruza mchanga, akaondoka.

Alikaanga vibua vichache siku ile, kwenye jiko dogo la gesi alilolitoa ndani akaliweka barazani, kwa karai dogo. Wateja walinung'unika. Mmoja alisema, "Samaki gani hawa hawana hata harufu ya moshi, kama wa hospitali?" Binti akamjibu, "Wewe kula, mwiba ni uleule." Wengine walikwenda kwa jirani na hawajarudi. Wengine wamezoea. Kile kibanda alikivua mabati mwenyewe, akakataa nimsaidie, na alipomaliza alikaa kwenye msingi uliobaki, masizi mpaka viwikoni, akalia peke yake. Nilimwacha. Mahali pale mama yake alikaa miaka mingi.

Tumbo lake sasa ni kubwa. Nakwenda Manzese mara nyingi kuliko zamani, nabeba kazi za kushona kwa mkono ili nisikae bure. Juzi baada ya kula mchana tulitandika mkeka barazani. Alijilaza ubavu, kichwa kwenye paja langu, nami nikawa napindia kiguo cha mtoto. Baada ya muda niliweka sindano chini.

"Mbona umeacha?" akauliza, macho ameyafumba.

"Nasikiliza."

"Unasikiliza nini?"

"Unavyopumua."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

Akasogea vizuri, akasinzia. Nilikaa vilevile, mguu umeshakufa ganzi, nikisikiliza hewa inavyoingia na kutoka kifuani mwake bila mlio wowote.